Sloo kuka ya lita 3.5 kutoka Mwanjelwa: mahindi ya maziwa ya sikukuu, na kwanini nasema inunueni

Naandika hii mapema kabla watu hawajaanza kugombania tiketi za basi za kurudi nyumbani Krismasi, maana kila ikikaribia Desemba lazima mtu aniulize ile sufuria ya umeme inayopika polepole, sloo kuka, je inafaa au ni pambo la juu ya friji. Inafaa. Na kama utaitumia kwa kitu kimoja tu mwaka mzima basi iwe mahindi mabichi ya maziwa ya mezani siku ya sikukuu, kwa hilo mi sijaona chombo cha kuifikia. Ila kuna mambo lazima uyajue kwanza, kwasababu mahindi yetu, umeme wetu na hata huu mwinuko wetu wa Mbeya vyote vinataka mapishi yarekebishwe, ukifuata ya Wamarekani neno kwa neno utapata punje ngumu zinaogelea kwenye siagi.

Sikukuu ya huku kwetu mnaijua ilivyo. Gesi ya plate mbili, moja imekaliwa na wali wa Kyela au pilau, nyingine kuku wa kienyeji ambaye anataka masaa yake, jiko la mkaa lina ndizi na nyama, uani kuna mafiga ya maharage, wageni wameshuka toka Dar na Moro na watoto wao, na kuna mtu mmoja, mara nyingi wifi mdogo au binti anayesaidia nyumbani, tangu asubuhi yeye ni kukoroga tu mpaka wenzake wanakula yeye bado ananuka moshi. Sa kwenye hali hiyo ukisema uongeze na mahindi ya maziwa, unayaweka moto gani na anayakoroga nani? Mahindi ya maziwa kwenye moto wa kawaida hayaachwi, ukigeuka kidogo tu yameshika chini na harufu ya kuungua imeingia sufuria nzima. Hapo ndo hii kitu inapolipa pesa yake, inakaa pembeni kwenye meza ya sebuleni hata chumbani, imechomekwa ukutani, haigusi moto wa mtu na haitaki mkorogaji.

Wenzetu Marekani nao wanaitumia kwa sababu hiyohiyo. Sikukuu yao ya Thanksgiving, Alhamisi ya nne ya Novemba, oveni nzima inakuwa na bata mzinga, kwaiyo vile vyakula vya pembeni vinahamia kwenye sloo kuka, na mahindi ya krimu ni mojawapo ya vile rahisi kabisa, wanamimina mahindi ya kwenye friza, siagi, krimu chizi, maziwa, sukari kidogo, chumvi na pilipili manga, wanafunika, wanaenda kukaa na wageni. Basi. Alafu kitu ambacho kimenifurahisha nilipokuja kukijua, huyu Irving Naxon aliyetengeneza chombo hiki na kupewa hatimiliki yake mwaka 1940, mashine yake ilikuja kuitwa Naxon Beanery, yani chombo cha maharage! Kampuni ya Rival ndo ikaja kuiuza kwa jina la Crock-Pot kuanzia 1971 ikasambaa. Sisi wa mkoa wa maharage tulitakiwa tuwe tumeikumbatia zamani. (Ila kuhusu maharage subirini, nina neno zito huko mbele, msiruke.)

Haya chombo chenyewe. Niliyonunua ni ya lita 3.5, umbo la yai, ndani ina sufuria ya kauri nzito inayotoka, juu kifuniko cha kioo, na mbele swichi ya kuzungusha yenye OFF, LOW, HIGH na WARM. Kwenye kibandiko cha chini imeandikwa wati 200. Haikufika laki na nusu. Kitu cha kuelewa ni kwamba waya wa moto umezunguka ubavuni mwa sufuria, haujakaa chini kama kwenye heater ya kawaida, ndo maana maziwa hayashiki chini kirahisi, utaona tu pembeni kidogo pamekuwa kahawia, na ile kahawia kusema ukweli ndo tamu, watoto wanaigombania. Na hii LOW na HIGH watu wengi wanadhani ni joto dogo na joto kubwa, hapana, zote mwisho wa safari zinafika karibu joto lilelile chini kidogo ya kuchemka, tofauti ni HIGH inafika haraka na LOW inajivuta. Ukishalijua hilo hupati shida ya kubadilisha mapishi, ya masaa mawili HIGH ni kama manne LOW.

Dukani walinihudumia vizuri na nataka niliseme hili maana huwa tunalalamika tu. Ni moja ya maduka ya vyombo vya umeme pale Mwanjelwa hapa Mbeya mjini, kijana aliyekuwepo alinikaribisha, nikamwambia mwanangu naomba uifungue kwenye boksi niione, akaifungua bila kununa, akatia maji kidogo, akachomeka, akasema "mama shika hapa ubavuni usikie," tukasubiri mpaka ikaanza kupata joto ndo nikatoa hela. Alafu akatoa ile sufuria ya kauri akaigonga kwa ukucha pande zote, inalia vizuri kote, ingekuwa na ufa ingetoa sauti ya kufa. Nyie mkienda kokote fanyeni hivyohivyo, igonge, ichomeke, chukua risiti na kadi ya garantii wakaandike tarehe mbele yako. Na angalieni plagi iwe ya pini tatu ya kwetu na kibandiko kisome volti 220 hadi 240. Nasema hivi kwasababu kuna watu wanatumiwa na ndugu zao walioko Marekani, kule umeme ni volti 120, ukiichomeka huku moja kwa moja bila transfoma unaiunguza papohapo.

Sasa mahindi, na hapa nitakaa kidogo kwasababu ndo penyewe.

Mahindi ambayo Mmarekani anamimina toka kwenye friza ni swit koni. Ile ni aina nyingine kabisa ya mahindi, sukari yake haiharakishi kugeuka wanga, kwaiyo ni laini, tamu na ina maji yake. Yetu haya meupe tunayopanda kwa ajili ya unga kazi yake ni kutengeneza wanga, na yanautengeneza haraka kweli, hindi ambalo Jumatatu lilikuwa tamu wiki ikikatika unatafuna dona. Kwaiyo uchaguzi ndo nusu ya mapishi. Ukifika sokoni angalia ndevu ziwe zimekauka zina rangi ya kahawia lakini ganda la nje bado kijani kibichi na linakumbatia hindi, alafu omba ufunue kidogo pale juu, wauzaji wetu wa masoko ya Soweto na Uyole hapa Mbeya hawana shida na hilo ukiomba kwa adabu, bonyeza punje moja kwa ukucha. Ikirusha maji maangavu bado changa, haitakuwa na ladha. Ikitoa maziwa meupe, chukua, hilo ndo lenyewe. Ikitoa kitu kizito kinachonata kwenye ukucha, hilo limepita, kachome au kachemshe ule na chumvi, kwenye krimu litakuangusha hata ulipike kutwa.

Na mjue kabisa Desemba siyo msimu mkuu wa mahindi mabichi kwetu, mashamba ya mvua ndo kwanza yamepandwa Novemba hapo, yako magotini. Yanayokuwepo sokoni ni ya mabondeni na ya umwagiliaji, yale ya vinyungu wenzetu wa Iringa wanayajua vizuri, kwaiyo bei inakuwa imechangamka kuliko Machi na Aprili, ila yapo na ni matamu. Muulize muuzaji yamevunwa lini. Ya asubuhi ileile ndo unayotaka, kwasababu hindi likishavunjwa sukari inaendelea kugeuka wanga hata likiwa limelala kwenye kikapu, na jua linaharakisha. Ukifika nalo nyumbani liache na maganda yake sehemu ya baridi, usilimenye mpaka dakika ya kupika.

Kwa lita 3.5 nachukua mahindi kumi mpaka kumi na mbili makubwa, yanatoa vikombe sita hivi vya punje. Unalisimamisha hindi ndani ya beseni pana, kisu kikali, unashuka nacho toka juu kwenda chini ukikata punje kama theluthi mbili tu ya urefu wake, usiende mpaka kwenye gunzi utachukua na makapi. Ukimaliza kuzunguka geuza kisu, tumia mgongo wake, kwangua gunzi lilelile tena kwa nguvu kidogo. Utaona yanatoka maziwa mazito meupe yenye vipande vidogodogo vya moyo wa punje, yanateleza mpaka mkononi, hayo usiyapoteze hata tone. Hayo ndo yanafanya mchuzi ushikane wenyewe bila unga wa ngano wala konfloo. Hapa mahindi yetu yanaishinda swit koni kabisa, wanga wetu ule unaotusumbua kwenye ulaini ndo huohuo unatupa uzito mzuri, ile ya kopo bila chizi nyingi inabaki majimaji.

Kama huna muda au umekosa mabichi, swit koni za kopo zipo kwenye supermaketi za mjini, mwaga maji yake, punguza maziwa nusu, usitie sukari, na masaa mawili LOW yanatosha maana zimeshaiva. Zinalika. Ila kwa mkoa unaolima mahindi kama wetu mi moyo wangu hauridhiki.

Upande wa maziwa. Krimu chizi ya pakti ni ghali na siyo kila duka inayo, na kiukweli huihitaji. Sisi tumezungukwa na maziwa, Rungwe ng'ombe wa maziwa kila mji, Njombe kuna kiwanda kinachotengeneza chizi, Iringa kuna kampuni ya maziwa ya Asas, sa mtu anahangaika na krimu ya kutoka nje ya nini? Mi nafanya hivi, siku mbili kabla ya sikukuu nachemsha maziwa ya ng'ombe, nayaacha yapoe bila kuyatikisa, nakusanya malai ya juu kwenye bakuli nafunika naweka kwenye friji, nachemsha na ya kesho yake nayo nakusanya, mpaka nipate kikombe kimoja kilichojaa. Asiye na muda wa malai achukue mtindi mzito, aufunge kwenye kitambaa safi cheupe, auning'inize juu ya bakuli ndani ya friji usiku kucha, maji yote yatashuka, kinachobaki ni kitu cha kupaka kwenye mkate, kinafanya kazi ya krimu chizi vizuri tu na ule uchachu wake unaenda na mahindi. Chizi ya Njombe ukiikwangua ukaitia kiganja kimoja mwishoni, hapo umewaheshimu wageni.

Kupika sasa. Paka siagi ndani ya sufuria ya kauri ikiwa bado ya baridi, siagi ya kweli ya maziwa, ile ya mafuta ya mimea inaacha utando kinywani. Mimina punje na maziwa yake yote uliyokwangua. Chukua kikombe kimoja cha punje usage kwenye blenda au utwange kidogo kwenye kinu urudishe. Vikombe viwili vya maziwa fresh yaliyochemshwa yakiwa ya vuguvugu, mapishi ya Wamarekani yana kikombe kimoja, sisi tunaongeza kwasababu wanga wetu unakunywa. Siagi gramu mia moja imekatwa vipande, sukari vijiko viwili vya chai, chumvi kijiko kimoja cha chai, pilipili manga nusu kijiko. Koroga mara moja, funika. Wenye kupenda wanatia kitunguu swaumu punje mbili zilizopondwa, mi naona kinafunika harufu ya mahindi mabichi, lakini kila nyumba na mdomo wake.

Malai, mtindi au chizi usitie mwanzoni. Hilo shikeni sana. Mtindi ukikaa kwenye joto masaa unakatika, unakuwa chengachenga na maji pembeni, ladha ipo lakini sura imeharibika na chakula cha wageni macho yanakula kwanza. Unatia nusu saa ya mwisho, unakoroga taratibu, unafunika tena.

Na ratiba yake ndo inayonifanya niipende hii kitu kwa Krismasi, kwasababu inaenda na kanisa. Saa kumi na mbili na nusu asubuhi kila kitu kimo, nawasha HIGH. Saa mbili na nusu wakati tunatoka kwenda ibadani nazungusha LOW. Ibada inaisha saa sita, tunasalimiana nje, tunafika nyumbani, naonja punje, imelainika, natia malai, nusu saa nyingine, naweka WARM, na saa saba na nusu meza inapangwa mahindi yako ya moto hayajagandamana. Kwenye WARM yakae masaa mawili mpaka matatu siyo zaidi, yakizidi kuwa mazito ongeza maziwa ya moto kidogo. Na tafadhali kifuniko kiacheni, kila ukifunua joto linatoroka na unajiongezea karibu nusu saa ya kusubiri, kile kioo kimewekwa ili uangalie bila kufungua.

Mama mkubwa alikuwa ametoka Tukuyu kuja kula na sisi, ni mtu wa ndizi na maziwa huyo, hababaishwi na vyakula vya kisasa, alichukua kijiko kimoja akanyamaza, akachukua cha pili, akauliza "mwanangu haya mahindi mmepika na mkaa gani hayana moshi?" Nikamwonyesha kile chombo mezani. Akakishika ubavu, akaangalia waya unakoenda, akasema nikienda tena mjini nimpitishie bei.

Kuhusu mwinuko, hili watu wa Dar hawalijui. Mbeya mjini tuko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, maji yanachemkia kama nyuzi 94 hivi badala ya 100, Njombe ndo zaidi maana wako juu kuliko sisi. Ndo sababu maharage yanachelewa kuiva huku. Na sloo kuka nayo inachelewa, kwaiyo mapishi yakisema masaa manne LOW wewe panga matano mpaka sita kwa mahindi mabichi ya kwetu. Aliyeko Kyela chini kule apunguze. Hiyo ratiba yangu ya kanisani imeshahesabu mwinuko wa Mbeya.

Umeme haitumii kama mnavyoogopa. Wati 200 kwa masaa saba ni uniti moja na kidogo, hata tuseme uniti moja na nusu kwa bei ya 356 kwa uniti kwa sisi tulioko kwenye tarifu ya kawaida, ile ambayo elfu kumi ya LUKU inakupa uniti 28, hapo hujafika hata shilingi 550. Walioko kwenye tarifu ndogo, wale wasiozidi uniti 75 kwa mwezi, ni chini ya shilingi 200. Linganisheni na mkaa wa kupikia kitu kimoja masaa manne, na mtu wa kuukalia. Serikali ilipotoa ule mkakati wa nishati safi ya kupikia mwaka 2024, wa kufikisha asilimia 80 ya Watanzania ifikapo 2034, watu wakawa wanafikiria gesi tu, lakini vyombo kama hivi navyo ni nishati safi na havina mtungi wa kuisha katikati ya pilau.

Tatizo lake kubwa ni umeme ukikatika, na mi sitawaficha. Ndo maana nawaambia chukueni ya swichi ya kuzungusha. Zile za kubonyeza zenye saa ya taa nyingi zake umeme ukikatika zinasahau kila kitu, ukirudi zenyewe zimekaa tu zinamulika namba wala hazipiki, wewe uko kanisani unaimba. Ya kuzungusha umeme ukirudi inaendelea pale ilipoishia. Lakini chakula cha maziwa kikikaa kati ya nyuzi 5 na 60 muda mrefu vijidudu vinazaliana, kwaiyo ukatikaji wa dakika kumi na tano hauna neno, funika uache. Ukipita masaa mawili na hukuwepo nyumbani, hujui kimepoa kiasi gani, usiwape wageni na hasa watoto na wazee. Ukiwepo nyumbani wala usisubiri, hamishia kwenye sufuria ya kawaida malizia kwenye gesi moto mdogo ukikoroga. Mwenye mtaa ambao umeme hautulii kabisa, mi simshauri anunue, bora presha kuka, inamaliza kazi kabla umeme haujaondoka.

Na maharage sasa, neno zito nililosema. Mkishaipata najua kitakachofuata, mtataka kutia kande au maharage mekundu usiku mlale asubuhi yameiva. Msitie maharage mabichi humo moja kwa moja. Maharage, hasa haya mekundu makubwa, yana sumu yake ya asili ambayo inakufa kwa kuchemka kweli, na moto wa polepole usiofika kuchemka hauiondoi, tena unaweza kuiongeza makali, punje chache tu zinatosha kumtapisha mtu mzima. Loweka masaa matano au usiku kucha, mwaga maji hayo, chemsha kwa maji mapya kwenye moto mkali yatokote dakika kumi mpaka thelathini, na kwa mwinuko wetu mi naenda hiyo thelathini, alafu ndo uhamishie kwenye sloo kuka na mahindi yako ya kande. Hapo utapata kande laini ambayo hujawahi kuila, karanga na tui ukitia mwishoni, we acha tu.

Mapungufu mengine. Waya ni mfupi, kama soketi yako iko mbali utalazimika kusogeza meza, extension za bei rahisi msitumie kwa kitu kinachokaa masaa mengi. Haina kengele wala taa ya kukuambia imemaliza. Kitabu cha maelekezo ni Kiingereza na Kichina, wangeweka Kiswahili tungeshukuru. Sufuria ya kauri haitaki mshtuko, ukiitoa kwenye friji usiiwashe hapohapo itapasuka, ukiitoa kwenye moto usiiweke kwenye zege la baridi wala usiimwagie maji ya bombani ya Mbeya yale ya Julai, na juu ya gesi haiendi kabisa. Mi naipa nne juu ya tano, hiyo moja iliyopungua ni ya waya na kitabu.

Mnaouliza lita ngapi, 3.5 inatosha watu wanane mpaka kumi kama mahindi ni ya pembeni, yani kijiko kikubwa kimojakimoja na kidogo cha kuongeza. Ukoo ukikutana wote chukua ya lita 6, ila ujue chombo kijazwe angalau nusu na kisizidi robo tatu, ukiweka kidogo kwenye kubwa kinakauka pembeni. Kwa asiyetumia maziwa weka tui jepesi mahali pa maziwa na tui zito mwishoni kama wanavyofanya watu wa pwani na mahindi yao ya nazi, siagi badilisha na mafuta ya alizeti, yanatoka vizuri mno.

Yakibaki yahamishie kwenye bakuli pana yapoe haraka, yafunike, yaweke friji kabla masaa mawili hayajapita. Kesho yake pasha kwenye sufuria ya kawaida mpaka yachemke, siyo kwenye sloo kuka maana inachelewa kupandisha joto, ongeza maziwa kidogo, na kama kuna mkate au kiazi kitamu cha kuchemsha hicho ni kifungua kinywa kizima cha tarehe 26.